Mkasi wa Jeni Wageuzwa Kipimo: Funzo la Marburg Mkoani Kagera

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Ulipotangazwa kumalizika, tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wameugua na 6 kufariki, miongoni mwao mhudumu wa afya. Dalili zake za mwanzo ni homa kali, maumivu ya kichwa na uchovu, ambazo katika vijiji vya Bukoba na Muleba hudhaniwa upesi kuwa malaria. Uthibitisho wa kwanza ulifanyika katika maabara ya taifa, Dar es Salaam. Katika saa za kusubiri jibu, amhudumiaye mgonjwa yumo hatarini.

Je, jibu laweza kupatikana kando ya kitanda? Hilo ndilo lengo la vihisi vya kibiolojia vitumiavyo CRISPR, mfumo uleule wa kuhariri jeni. Asili yake ni kinga ya bakteria dhidi ya virusi. Kimeng'enya kiitwacho Cas13 huongozwa na uzi mfupi wa RNA, uliotungwa ushikamane na RNA ya kirusi kinachotafutwa. Kikishaipata, huikata, kisha huendelea kukata RNA yoyote iliyo jirani. Watafiti hutia humo nyuzi za RNA zenye rangi iliyofichwa. Zikikatwa, rangi hung'aa au mstari hutokea kwenye karatasi. Kundi la Feng Zhang na James Collins, nchini Marekani, lilitangaza kipimo cha namna hii mwaka 2017. Ieleweke kuwa jeni za mgonjwa haziguswi. Ukataji wote hufanyika ndani ya kichupa.

Vikwazo vingalipo. Virusi vilivyomo katika damu lazima viuliwe kabla ya sampuli kushughulikiwa. RNA iliyo haba huhitaji kuzidishwa kwanza. Vitendanishi navyo hufaa vikaushwe, ili vidumu pasipo jokofu. Zaidi ya hayo, katika siku tatu za mwanzo za dalili virusi huweza kuwa vichache mno, hivyo jibu hasi la mapema hulazimu kipimo kurudiwa. Glavu na kumtenga mshukiwa vitabaki kuwa kinga ya kwanza.

Mapema mwaka 2025 Marburg ilizuka tena mkoani Kagera, wilayani Biharamulo. Wagonjwa wote 10 waliohesabiwa walifariki, na 8 kati yao hawakupata kuthibitishwa kimaabara. Pengo hilo ndilo ambalo kipimo cha zahanati kingekuja kuliziba.