Mashua Zivutazo Meli Bandarini

Wasomaji wetu wa bara waliopata kushuka Dar es Salaam hutuuliza: kwa nini meli kubwa, iliyovuka bahari kuu kwa nguvu zake yenyewe, ikifika mlangoni pa bandari huvutwa na chombo kidogo, kama babu kipofu ashikwaye mkono na mjukuu?

Jawabu ni hili. Usukani hufanya kazi kwa maji yapitayo kando yake. Meli ikipunguza mwendo usukani hulegea, na ikisimama haufai kitu. Wala meli haina breki kama motakaa. Nao mlango wa Dar es Salaam ni mwembamba, tena una mapindi. Upepo ukiusukuma ubavu wa meli, ulio kama ukuta wa boma, au mkondo ukiichukua, yaweza kupanda mwamba. Ikikwama hapo huziba njia ya wote: gunia la kahawa la mkulima hulala ghalani, na bati alilongojea huchelewa.

Basi hapo ndipo litakiwapo tagi, kama watu wa bandarini waliitavyo. Ni chombo kifupi na kinene, na karibu tumbo lake lote ni mtambo. Zamani yalikwenda kwa moshi. Mwaka 1803 huko Scotland Charlotte Dundas ilivuta matishari mawili mpaka Glasgow. Siku hizi mengi hutumia dizeli, na rafadha zake zaweza kugeuzwa pande zote, hata kwenda mbele au kombo ni mamoja. Tagi moja hufungiwa amari omoni livute, jingine hukaa tezini kuizuia meli isikimbie. Na karibu na gati huusukuma ubavu wake polepole kwa pua iliyovikwa mpira. Rubani aliye juu ya meli ndiye atoaye amri.

Kazi hii ina hatari. Meli ikitangulia na amari ikalivuta tagi kwa ubavu, laweza kupinduliwa kwa nukta chache, mabaharia wasipate hata kutoka ndani. Kwa hiyo ndoana huwekewa kifungulio cha ghafula, na kwa maoni yetu baharia asiyeweza kukishika gizani asipande.

Tarehe 23 Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa meta 400, iliuziba mfereji wa Suez. Mchanga ulichimbwa, matagi zaidi ya kumi yakavuta na kusukuma, na bamvua la mwezi mpevu likasaidia, hata ikaelea tarehe 29. Meli zaidi ya 300 zilikuwa zikingoja kupita.