Mgonjwa anapogeuka tegemeo la wenzake

Kwenye kliniki za tiba na matunzo, ambazo wengi tunaziita CTC, kuna mtu asiye na koti jeupe ambaye mgonjwa mpya humkumbuka kuliko daktari. Ni mshauri anayeishi na VVU mwenyewe, aliyejitolea kuwapokea wenzake. Anajua yasiyoandikwa kwenye karatasi ya dawa. Anajua kwamba kichupa cha vidonge hulia mkobani ukipanda daladala, na kwamba mlio huo unatosha kumfanya mtu aache dozi nyumbani. Basi humwonyesha mwenzake: tia pamba kidogo juu ya vidonge, funga, tikisa. Hakilii tena, na aliyeingia ameinamisha uso anacheka.

Msaada huo huwa tunausifu kwa sababu ya anayesaidiwa. Faida ya anayesaidia ni kubwa vilevile, na tunaizungumzia kidogo mno.

Ugonjwa wa muda mrefu humfanya mtu awe wa kupokea tu. Anapimwa, anapikiwa, anaonewa huruma. Hata vikao vya familia huamua mambo bila yeye. Siku mwenzake anapomwomba ushauri, anarudi kwenye hesabu ya watu wanaotegemewa. Aliyoyapitia yanakuwa ujuzi usiofundishwa chuoni. Na dawa zake huzishika vizuri zaidi: anayempigia mwenzake simu saa tatu usiku kumkumbusha kidonge, ni vigumu asahau chake.

Afrika Mashariki tulilijua hili hata kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wagonjwa wetu. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba wa Uganda, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa UKIMWI mwanzoni mwa mwaka huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye VVU na UKIMWI, pamoja na wenzake, wengi wao wakiishi na virusi. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, akaitumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na wanafunzi na waumini, hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Tiba hawakuwa nayo, lakini la kuwapa wenzao walikuwa nalo.

Hata hivyo, kujitolea kusigeuke mzigo. Siku mwili unapokataa, mtu apumzike bila kusemwa. Nauli apewe. Na habari za afya yake azitoe kwa hiari, asishinikizwe.

Tumezoea kumuuliza mgonjwa anahitaji nini. Tumuulize pia anaweza kufanya nini: kushauri, kuwafundisha watoto hesabu, kumsindikiza jirani kliniki. Mwenye kisukari, selimundu au saratani naye anastahili swali hilo, na hospitali na familia zetu zinaweza kuanza kuliuliza wiki hii.