Kabla Hujapiga Kiki

Mpwa wangu alifika nyumbani Morogoro jioni moja akiwa juu ya pikipiki mpya, siti bado imefunikwa nailoni ya dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ya nani hii?"

"Yangu. Nimeichukua leo."

Nilimpongeza kwa moyo wote. Kijana aliyefanya vibarua na kuweka akiba mpaka akanunua chombo chake anastahili kupongezwa. Nikaizunguka: Boxer ya cc 150, nyekundu, inanukia rangi. Kisha nikamuuliza amejifunzia wapi kuendesha. Akasema rafiki yake alimwonyesha gia juzi kwenye uwanja wa shule, kama nusu saa hivi.

Kwenye kioo cha kulia alikuwa ametundika kofia ngumu, nyongeza aliyopewa na muuzaji. Nikaishika. Nilipofunua kitambaa cha ndani nilikuta sponji laini kama ya makochi. Ukiibonyeza kwa kidole gumba unagusa plastiki. Kofia ya kweli haiko hivyo. Chini ya kitambaa huwa na povu gumu, lile linalowekwa kwenye boksi la televisheni ili isivunjike, na unene wake unafika upana wa kidole na zaidi. Kazi ya povu hilo ni kupondeka. Kichwa kinapogonga lami, povu linabonyea na kukimeza kile kishindo, ubongo unasimama polepole zaidi badala ya kujigonga kwenye fuvu kwa ghafla. Sponji haimezi kitu. Aliyeivaa amejikinga na faini ya trafiki tu.

Jambo hili liligharimu watu wengi hadi likaeleweka. Mwezi Mei 1935, T.E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana duniani kama Lawrence wa Arabia, alikuwa anaendesha pikipiki yake ya Brough Superior huko Dorset. Akakutana ghafla na wavulana wawili wenye baiskeli, akawakwepa, akarushwa. Hakuwa na kofia, na baada ya siku 6 akafariki. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwemo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye kifo kile hakikumtoka akilini. Alianza kufuatilia askari waliokuwa wakipeleka ujumbe kwa pikipiki na jinsi walivyokuwa wakifa kwa majeraha ya kichwa, na mwaka 1941 akachapisha aliyoyaona. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake wa pikipiki kuvaa kofia. Tafiti zilizofuata ni nyingi, na zilipokusanywa na kupimwa pamoja zilionyesha kwamba kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa takribani 42% na wa kuumia kichwa kwa 69%.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kununua pikipiki, bei ya kofia iingize kwenye bei ya chombo tangu mwanzo. Na ziwe kofia mbili. Angalia lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: kofia iliyopimwa kwa viwango vya ECE ina herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake. Stika ya nje isikutie imani, mtu yeyote anaweza kuichapisha. Ivae, ikubane mashavu kidogo bila kuumiza. Funga mkanda, kati yake na kidevu vipite vidole viwili tu. Kisha mwambie mwenzako ashike ukingo wa nyuma aisukume kofia kuelekea mbele. Ikikuvuka, irudishe kabatini kwa muuzaji, hata kama rangi yake imekupendeza.

Hiyo kofia ya pili ni ya abiria, na hapa niwatetee abiria. Wengi huikataa kwa sababu imejaa jasho la waliotangulia, na hawana kosa. Dada aliyetoka kusuka asubuhi naye ana sababu yake. Nunua vitambaa vyepesi vya pamba, mpe abiria kimoja kisafi ajifunge kichwani kwanza, jioni vifue na kofia uianike ipate hewa. Namfahamu dereva mmoja wa bodaboda wa kijiwe chetu anayefanya hivyo, na kina mama humsubiri yeye hata kama wenzake wako wazi.

Mavazi mengine hayahitaji maneno mengi. Mtu akianguka hutanguliza viganja, basi vaa glavu. Viatu vifunike kifundo cha mguu. Kwa ndala, mguu unateleza kwenye breki na vidole vinabaki wazi kwa kila jiwe. Suruali iwe ndefu, maana ekzosi inaunguza, na mashavu ya miguu ya abiria wengi yana alama za kushuka upande usio sahihi. Mfundishe abiria wako kushuka kushoto. Kizibao cha kung'aa kivae hata mchana. Bei yake ni ndogo na dereva wa lori anakiona mapema.

Kuhusu pikipiki yenyewe, mimi kwa anayeanza napendekeza cc 100 au 125. Kwa mizunguko ya mjini inatosha, inakula mafuta kidogo, na ikikulalia unaweza kuiinua peke yako. Kipimo kikubwa ni miguu: ukikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kama ni ya mtumba, simama nyuma yake utazame kama magurudumu yote yamekaa kwenye mstari mmoja, kwa sababu fremu iliyopinda haifichiki ukiitazama kutoka hapo. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujamaliza kulipa.

Sasa leseni. Mpwa wangu alidhani leseni ya pikipiki ni moja. Hapa Tanzania daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125; ya kwake ya 150 ilimtaka awe na daraja A. Na mwenye leseni ya gari, daraja D, asijidanganye kwamba anaruhusiwa kupanda pikipiki. Njia ni ileile: leseni ya kujifunzia, mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, mtihani mbele ya polisi wa usalama barabarani, kisha TRA. Wapo watakaokuambia watakuletea leseni hadi nyumbani bila mtihani. Wakatae. Siku ya ajali kampuni ya bima itaanza kwa kuuliza leseni, na hata ikilipa, bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe na pikipiki yako hamumo.

Lakini kitu ambacho ningempa kila anayeanza kama ningeweza ni wiki tatu za kujifunza kabla ya kubeba mtu. Mpwa wangu alikubali, ingawa roho ilimuuma kuona pikipiki imelala wakati wenzake wa bodaboda wanaingiza hesabu. Kila alfajiri tulikwenda kwenye uwanja wa mpira. Nilimwaga chokaa mstari mmoja, nikamwambia aje kwa kilomita 40 kwa saa na aanze kufunga breki akifika pale. Mara ya kwanza alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma lilijifunga, likayumba kama mkia wa mjusi, akaenda kusimama mbali sana huku uso umembadilika.

Alikuwa ameambiwa kijiweni kwamba breki ya mbele inapindua watu. Inapindua anayeibana kwa ghafla. Unapofunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, gurudumu la mbele linagandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Nilimwambia aikamue kama ndimu, polepole kisha kwa nguvu, huku mguu ukisaidia. Siku ya nne alikuwa anasimama kwenye nusu ya umbali ule wa mwanzo. Na hapo hatujahesabu muda wa kushtuka: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kutazama simu inakupeleka mita 11 ukiwa kama umefumba macho. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki peke yake unakuwa mara nne.

Breki ya mbele pia ndiyo sababu yangu ya kupinga mshikaki, mbali na sheria. Ukipakia watu wawili nyuma, wa mwisho anakaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele linapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, na breki yako bora haina cha kushikilia. Mvua zinapoanza hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dakika za kwanza maji yanachanganyika na oili na vumbi la miezi yote ya kiangazi. Simama pembeni ungoje barabara ioshwe.

Mwezi uliofuata alipata leseni yake ya daraja A na kofia mbili zenye lebo kwenye mkanda. Ile ya zawadi hatukumpa mtu. Tuliikata mkanda kwa kisu, tukaipasua, ndipo tukaitupa. Nawe, kama nyumbani una kofia iliyowahi kugonga lami, hata isipoonyesha ufa, ikate mkanda kabla hujaitupa, kuna mtu ataiokota aivae.