Kibaba Kisichotakiwa Kujaa

Kitendawili!

Tega!

Nina kibaba: kitiwacho leo, kesho kingalimo.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Tanga? Haya, nimekwenda Tanga, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Kaeni niwafumbulie.

Miaka ya 1950, watafiti wa Italia walichota udongo karibu na ngome kongwe ya Castel del Monte. Udongoni walikuta bakteria wenye kutoa rangi nyekundu. Kutokana na jamii ya bakteria hao ikaja kupatikana doksorubisini, dawa ya saratani. Walipoibatiza Adriamycin, walikuwa wanaikumbuka Bahari ya Adriatiki iliyo jirani.

Ni nyekundu kama juisi ya rozela. Mtoto akitundikiwa dripu yake, kesho huenda akakojoa mkojo mwekundu akapiga kelele, "Mama, damu!" Si damu, ni rangi ya dawa inatoka.

Rangi hutoka, madhara ya dawa moyoni ndiyo yanayobaki. Goti likichubuka, ngozi mpya huota. Misuli ya moyo haioti hivyo. Kila dozi huweza kuacha mkwaruzo mdogo, na haba na haba hujaza kibaba. Kwa mtu mzima, jumla ya dozi zote ikifika miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, hatari hupanda kwa kasi. Kwa mtoto, hata 250 ni nyingi.

Ndiyo maana daktari huandika kila dozi na kujumlisha. Kabla ya kuanza, mgonjwa hupimwa moyo kwa ultrasaundi: hupakwa jeli ya baridi kifuani, kisha kwenye skrini moyo huonekana ukifumba na kufumbua kama ngumi. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyojaa kwenye chumba chake kikubwa kila unapopiga. Kipimo hurudiwa, ili ukianza kulegea ujulikane mapema. Anayetarajiwa kupata dozi nyingi huweza kutanguliziwa deksirazoksani, dawa inayonasa madini ya chuma na kuupunguzia moyo madhara.

Saratani ikishapona, hesabu haifutwi. Moyo unaweza kulegea miaka mingi baadaye, mtoto akiwa baba au mama wa watu. Basi akienda kwa daktari yeyote, aseme: "Nilitibiwa saratani utotoni," na amwonyeshe jumla ya dozi zake.

Kibaba ni nini, enyi wa Tanga?

Moyo!