Aliyebisha Hodi Usiku wa Manane

Kama ulilelewa katika nyumba ambamo Jumapili ilianza kwa nyimbo za Jim Reeves redioni, muziki wa kantri si mgeni kwako. Lakini Stuart Hamblen je, unamfahamu?

Alizaliwa Texas mwaka 1908, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti (na watoto wa wachungaji mnawajua wenyewe!). Akahamia California, akawa kauboi wa redioni: akatunga, akaimba, akaigiza filamu, akafuga farasi wa mashindano. Pombe na kamari navyo vikamfuga yeye. Mkewe, Suzy, alizidi kumwombea.

Mwaka 1949 Billy Graham, wakati huo kijana asiyejulikana sana, alisimamisha hema mjini Los Angeles. Hamblen alihudhuria, neno likamchoma, akatoka kwa hasira. Kisha usiku mmoja, kama Nikodemo, akaenda kumgongea mhubiri hotelini. Akaombewa, akaokoka.

Shuhuda zetu nyingi huishia hapo, kanisa linapiga makofi, tunaketi. Hamblen alikuwa bado na kazi ya kwenda. Redio ndiyo iliyomlisha, na redio ililishwa na matangazo ya biashara. Alipotakiwa kutangaza bia, akakataa. Kazi ikaota mbawa.

Hebu tusilipite hili haraka. Wewe karani unayeombwa usaini hati ya mzigo ambao hukuuona. Wewe mama mwenye duka, faida yako kubwa inatoka kwenye ile rafu ya nyuma unayoifunika shemasi akipita. Karo ya watoto inatoka hapo hapo. Sikuhukumu; mimi mwenyewe sijui ningejibu nini mbele ya kipaza sauti kile.

Mwaka 1952 aligombea urais wa Marekani kwa tiketi ya chama cha kupinga pombe. Alipata kura 70,000 na kitu, katika nchi iliyopiga kura zaidi ya milioni 60. Nadhani hata yeye hakununua suti ya kuapishwa.

Ila nyimbo alizotunga baada ya usiku ule zilifika mbali. “It Is No Secret” iliimbwa hata na Elvis Presley. “This Ole House” iliongoza chati mwaka 1954 kwa sauti ya Rosemary Clooney. Inasimuliwa kwamba Hamblen aliitunga baada ya kukuta, akiwa mawindoni milimani, kibanda kibovu na ndani yake mzee aliyekwisha kufa. Watu waliicheza kwa furaha kwenye kumbi za dansi.