Kichanganuzi spektra cha bei nafuu: kabla hujatoa hela, jiulize unapima nini

Umekaa jioni na redio yako ya ridhaa, uko megahezi 7, mara mngurumo unafunika kila kitu. Mkosaji nani? Balbu ya LED? Chaja ya simu? Inveta ya sola ya jirani? Masikio peke yake hayatakuambia. Inabidi uyaone mawimbi.

Kifaa cha kuyaonesha ni kichanganuzi spektra. Kwenye skrini yake, kulia na kushoto ni masafa, juu na chini ni nguvu. Kituo cha FM kinatokea kama kilele kirefu, na chaja mbovu mara nyingi inatoa vilele vingi vilivyopangana kama meno ya kitana. Vya maabara vinauzwa maelfu ya dola. Sisi wengine tuna njia tatu.

Ya kwanza ni kijiti cha RTL-SDR, kama dola 30 hadi 40. Kilitengenezwa kwa ajili ya kuangalia televisheni kwenye kompyuta, watu wakagundua kuwa chipu yake inaweza kutoa data ghafi ya mawimbi. Kinashika kuanzia kama megahezi 24 hadi 1,700, ila kinaona kipande cha megahezi 2.4 hivi kwa wakati mmoja.

Ya pili ni tinySA, kazi ya Erik Kaashoek, iliyotoka mwaka 2020. Inaenea mfukoni na bei yake ni chini ya dola 200. Ile ya kawaida ina milango miwili: mmoja mzuri, kilohezi 100 hadi megahezi 350, na mwingine wa ubora wa chini, megahezi 240 hadi 960. Toleo la Ultra linafika vizuri megahezi 800, na juu zaidi kwa usahihi mdogo.

Ya tatu ni vya mezani, kama Rigol DSA815, kilohezi 9 hadi gigahezi 1.5. Hapo andaa zaidi ya dola 1,000.

Sasa uchague kipi? Usianze na bei, anza na swali lako. Tuchukue mawili.

Swali la kwanza ni ule mngurumo wa megahezi 7. Vijiti vingi vya kawaida havifiki vizuri huko chini bila kuongezewa kifaa cha kupandisha masafa. tinySA ya kawaida inatosha kabisa. Tengeneza antena ndogo ya duara la waya, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kubwa, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja huku unaangalia skrini. Vilele vikirudi pamoja na chaja, umempata. Visipopotea hata umeme ukiwa umezimwa, chanzo kiko nje. Mwombe jirani azime kwanza, ndipo umlaumu.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, redio yangu ya mkononi ni safi? Tuseme inarusha wati 5 kwenye 145. Ikiwa chafu, itarusha pia kwenye 290 na 435, yaani hamoniki, na kuingilia watumiaji wengine. Sheria ya Marekani kwa redio ndogo za aina hii inataka uchafu usizidi mikrowati 25. Gawanya wati 5 kwa mikrowati 25, unapata 200,000, sawa na desibeli 53. Kijiti kina biti 8, na kila biti ni kama desibeli 6, kwa hiyo nafasi yake kati ya kikubwa na kidogo ni desibeli 48 hivi. Kwa kipimo hiki ushahidi wake hauaminiki. tinySA ina nafasi ya kama 70, inaweza. Lakini angalia: 435 iko nje ya ule mlango mzuri wa tinySA ya kawaida. Kwa kazi hii nunua Ultra.

Halafu kuna jambo linaloua vifaa hivi. Wati 5 ni 37 dBm, wakati mlango wa tinySA usipewe zaidi ya 10 dBm, yaani miliwati 10. Ukiunganisha redio moja kwa moja, hela imekwenda. Weka katikati kipunguza nguvu cha desibeli 40 kinachostahimili angalau wati 10. Kiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

La mwisho, kifaa cha bei nafuu kinadanganya. Kikizidiwa na wimbi kubwa, kwa mfano ukiwa karibu na mnara wa FM, kinatengeneza vilele ambavyo hewani havipo. Kukikamata ni rahisi: ongeza kipunguza nguvu cha desibeli 10 mbele yake. Kilele cha kweli kitashuka 10. Kikishuka 20 au 30, kimezaliwa ndani ya kifaa chenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kuanza: kijiti kwa kujifunza, tinySA ya kawaida kwa kusaka kelele, Ultra na kipunguza nguvu kwa kupima redio. Cha mezani kiazime chuoni. Na chochote utakachonunua, fanya jaribio la desibeli 10 kabla hujaamini kilele chochote, hasa kile unachotaka kukitumia kumshtaki mtu.