Mpangilio wa Orodha katika Hifadhidata Iliyotawanywa

Hifadhidata iliyotawanywa ni ile ambayo taarifa zake hazikai kwenye seva moja, bali hugawanywa kwa seva kadhaa ili moja ikizimika nyingine ziendelee kujibu. Faida hiyo ina gharama, kwani kila seva inaijua sehemu yake tu, na anayeomba taarifa asipotaja mpangilio anaoutaka hana hakika kwamba orodha ya leo itafuatana kama ya jana.

Uzito wa jambo hili unaonekana wilayani Kalehe, Kivu Kusini, ambako mafuriko ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, yaliua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi na kuwaacha wengine wengi bila kujulikana walipo. Baada ya maafa kama hayo ndugu hutafuta jina, na orodha iliyopangwa vibaya humficha hata mtu aliyekwisha kuandikwa. Wakongo wengi wana majina matatu, la ubatizo likiwa mojawapo, na karani mmoja huanza na hilo ilhali mwenzake huliweka mwisho. Kompyuta nayo, isipoelekezwa kufuata kanuni za lugha, hulinganisha namba zinazowakilisha herufi, hivyo Élisée hutupwa nyuma ya Zawadi kwa sababu ya alama iliyo juu ya E.

Seva inayopokea ombi, yaani mratibu, hulipeleka kwa wenzake. Kila moja hupanga sehemu yake, kisha mratibu huziunganisha orodha hizo kwa kulinganisha majina ya mwanzo yaliyosalia katika kila moja. Kazi hiyo ni nyepesi kwa ukurasa wa kwanza, lakini ukiombwa ukurasa wa 100 wenye majina 10 kutoka seva 5, kila seva hulazimika kutuma majina 1,000, na mratibu hupokea 5,000 ili aonyeshe 10. Ni afadhali kuendelea kuanzia jina la mwisho lililoonyeshwa, mradi kila jina lifuatwe na namba ya usajili isiyojirudia, kwa kuwa watu wawili wenye jina moja wasipotenganishwa, mmoja wao anaweza kurukwa kati ya kurasa mbili. Na katika orodha ya waliopotea hakuna kosa baya kuliko hilo.

Mifumo mingine hudai uamuzi wa mpangilio mapema. Cassandra, iliyoanzia Facebook na kutolewa kwa umma mwaka 2008, hutawanya taarifa kwa hesabu isiyojali alfabeti, na mpangilio hulindwa ndani ya kila fungu tu, kama ulivyotajwa jedwali lilipoundwa.

Kupanga kwa wakati kuna mtego wake nchini Kongo, kwa sababu Kalehe iko saa moja mbele ya Kinshasa: kinachoandikwa Kalehe saa 00:30 ya tarehe 5 Mei huwa bado ni cha saa 23:30 ya tarehe 4 Mei katika mji mkuu. Seva za pande hizo mbili zikihifadhi saa za mahali zilipo, taarifa ya Kinshasa ya saa 08:00 itatangulia ya Kalehe ya saa 08:20, ingawa kwa kweli iliandikwa dakika 40 baadaye. Kwa hiyo wakati uhifadhiwe kwa saa moja ya kimataifa, kisha ugeuzwe kuwa saa ya mahali pale tu unaposomwa.